Mgeni wa Usiku: Upokezi wa Waendeshaji Wapya wa Televisheni Ukitazamwa kutoka Isiolo

Utangulizi

Katika vipindi vya mazungumzo vya usiku, Kiingereza humwita anayekalia kiti kwa jina la mwenyeji. Ukumbi ni wake, wanaoalikwa ni wageni wake, na mtazamaji ni mtu wa mbali aliyeruhusiwa kuchungulia dirishani. Kiswahili hakikuufuata mtazamo huo. Humwita mtangazaji au mwendeshaji wa kipindi. Yaani humtaja kwa kazi yake, wala si kwa umiliki wa nyumba. Tofauti hii si ya msamiati pekee. Usiku, mlango ukishafungwa na jamaa wakiwa wamekaa, anayeingia ni yule wa kwenye skrini, na mwenyeji ni mtazamaji. Kwa hiyo mwendeshaji mpya akichukua kiti cha mwenzake, maoni ya watazamaji ni hukumu ya wenye nyumba juu ya mgeni ambaye hawakumwalika.

Makala haya yanachunguza historia ya hukumu hiyo. Kituo cha kutazamia ni mji wa Isiolo, ambao matangazo ya Nairobi yaliufikia yakiwa tayari yamekwisha kuamua yanazungumza na nani. Hoja kuu ni kwamba maoni ya watazamaji juu ya mwendeshaji mpya ni aina ya uhakiki, na kwamba swali linalouongoza uhakiki huo si kama mgeni anachekesha, bali ni nani anaowahesabu anaposema "sisi".

Vigezo vya Upokezi

Mwaka 1967 mhakiki Mjerumani Hans Robert Jauss alipendekeza kuwa historia ya fasihi iandikwe kwa kuzingatia wapokeaji, kwa vile kila kazi mpya hupimwa kwa upeo wa matarajio ambao wasomaji wamekwisha kuujenga kutokana na kazi zilizotangulia. Kwa jamii za Waswahili wazo hili halikuwa geni kabisa. Methali mbili zinazokinzana zimelibeba kwa muda mrefu. Ya kwanza husema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ya pili huonya: usitupe mbachao kwa msala upitao. Mwendeshaji mpya husimama katikati ya methali hizi mbili. Wapo wanaompenda kwa upya wake tu, na wapo wanaomkataa kwa sababu tu si yule wa zamani.

Fasihi simulizi nayo ina fundisho lake. Fanani husema "Paukwa", lakini hadithi haianzi mpaka hadhira ijibu "Pakawa". Jibu hilo ni idhini, na hadhira isiyojibu imemnyima fanani jukwaa. Televisheni iliivunja kanuni hii kwa kuwa fanani wake hasikii jibu. Hata hivyo, jibu halikutoweka. Lilihamia sebuleni, hotelini, katika barua kwa wahariri, na baadaye katika mitandao ya simu. Maoni ya watazamaji ni "Pakawa" iliyochelewa.

Sauti Kabla ya Sura

Utangazaji wa Kenya ulianza Nairobi mwaka 1928, ukiwalenga hasa walowezi. Televisheni ilifuata mwaka 1962. Mwaka 1964 shirika la utangazaji lilichukuliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi mwaka 1989. Katika miongo hiyo mwendeshaji alikuwa sauti zaidi kuliko sura, kwa kuwa redio ilifika pale ambapo televisheni haikufika.

Mfano ulio wazi ni Leonard Mambo Mbotela. Alianza kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, akakiendesha kwa zaidi ya nusu karne, alifariki Februari 2025. Jina lenyewe la kipindi ni kigezo cha uhakiki: mwenendo wa watu ulipimwa kwa ungwana, na msikilizaji aliombwa awe hakimu. Urefu wa utumishi huo una maana kwa mada hii. Vizazi viwili vya wasikilizaji vilikua bila ya kulazimika kumlinganisha mwendeshaji wa kipindi hicho na mrithi wake. Kiti na mkalia kiti vilikuwa kitu kimoja.

Uzito wa sauti iliyozoeleka ulidhihirika tarehe 1 Agosti 1982, askari walioasi walipomlazimisha Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Wangeweza kusoma tangazo hilo wenyewe. Walimhitaji yeye kwa sababu walijua kuwa wananchi huamini habari kwa kumwamini anayeileta. Anayerithi kiti cha utangazaji hurithi saa na mshahara. Imani ya wasikilizaji hairithiki, na ndiyo maana siku zake za kwanza huwa nzito.

Kiti cha Usiku Ughaibuni

Desturi ya kiti cha usiku ilikomazwa Marekani. "The Tonight Show" ilianza mwaka 1954 chini ya Steve Allen, ikapita kwa Jack Paar, kisha Oktoba 1962 ikakabidhiwa Johnny Carson. Huo ndio mwaka ambao Kenya ilianza kuwa na televisheni. Carson alikaa miaka 30. Alipoondoka Mei 1992, Jay Leno alikuta watazamaji wengi wasiokumbuka kipindi hicho kikiwa na mtu mwingine, huku wengine wakiamini kuwa kiti kilikuwa haki ya David Letterman. Mwaka 2009 Conan O'Brien alimpokea Leno, lakini baada ya miezi saba tu akaondoka. Januari 2010 mashabiki wake waliandamana barabarani kumtetea, na Machi Leno akarudi. Tukio hilo lilionyesha kuwa watazamaji wanaweza kukihesabu kiti kuwa mali yao, ingawa mkataba hauwataji.

Mwaka 2015 suala hili liligusa Afrika moja kwa moja. Trevor Noah wa Afrika Kusini alitangazwa kuwa mrithi wa Jon Stewart katika "The Daily Show". Mara moja mizaha yake ya zamani ya mtandaoni ilifukuliwa, na ikasemwa kuwa baadhi yake iliwakejeli Wayahudi na wanawake. Lakini chini ya lawama hizo lilikuwapo swali jingine: je, mtu aliyekulia kwingine anaweza kuyazungumzia mambo ya Marekani na kusema "sisi"? Waliouliza hivyo walisahau kuwa Stewart naye alikuwa mgeni mwaka 1999, alipochukua nafasi ya Craig Kilborn. Mbachao wa leo ulikuwa msala wa jana. Noah aliendesha kipindi hadi Desemba 2022, na kwa sehemu kubwa ya muda huo ugeni wake ndio uliokuwa mtaji wake: aliitazama Marekani kama mtu wa nje, na watazamaji wakajifunza kujitazama hivyo.

Kiti cha Usiku Nairobi

Kenya ilipata kituo cha kwanza cha televisheni cha binafsi, KTN, mwaka 1990, na mwishoni mwa muongo huo vikaongezeka vingine. Ushindani ulileta vipindi vya mazungumzo na mzaha vya kuvutia watazamaji baada ya taarifa ya habari. Mojawapo kilikuwa "The Trend" cha NTV, kilichorushwa usiku wa Ijumaa. Kwa miaka kadhaa kiliendeshwa na Larry Madowo, mwanahabari aliyejulikana kwa kejeli nyepesi na ulimi mwepesi. Kipindi kilijengwa juu ya mambo yaliyovuma mitandaoni, hivyo maneno ya watazamaji yalikuwa sehemu ya matini yenyewe. Hapa "Pakawa" ilirudi jukwaani, ingawa kwa maandishi.

Mwaka 2018 Madowo aliondoka kwenda BBC, na nafasi yake ikachukuliwa na Amina Abdi Rabar, aliyetoka katika utangazaji wa redio na burudani. Muktadha wa mapokezi hayo haukuwa wa kawaida. Tarehe 30 Januari mwaka huo serikali ilikuwa imezima vituo kadhaa, NTV kikiwamo, kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru. Watazamaji walikuwa wametoka tu kushuhudia skrini tupu. Katika hali hiyo mrithi hupimwa kwa mambo mawili: wepesi wa mzaha wake, na kama atathubutu kusema yale ambayo mwenzake aliyasema. Kwa mrithi wa kike huongezeka kipimo cha tatu, ambacho mwanamume hakukipitia kwa ukali uleule: mavazi, kicheko na saa ya kuwa nje ya nyumba. Hapo ungwana hugeuzwa kutoka kuwa swali la maadili ya wote na kuwa kamba ya kumfungia mmoja.

Isiolo na Swali la "Sisi"

Isiolo ulikuwa makao ya utawala wa kikoloni wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa na sheria ambamo msafiri hakuingia bila ya kibali. Hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini mwishoni mwa mwaka 1963 iliacha sheria maalumu zilizoondolewa mwaka 1991 tu. Barabara ya lami kutoka kusini nayo ilikomea Isiolo hadi mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Katika nchi ya kaskazini ulienea msemo kwamba anayesafiri kuelekea kusini "anakwenda Kenya". Msemo huo ni uhakiki wa kiwakilishi "sisi" uliofanywa na watu wasio na jarida la kuuchapishia.

Wakazi wa mji huu ni Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Tangu mwaka 1957, BBC ilipoanzisha idhaa za Kisomali na za Kiswahili, baadhi ya wakazi waliweza kusikia habari za dunia kwa lugha ya nyumbani kutoka London kabla ya kuzisikia hivyo kutoka Nairobi. Mtazamaji wa mahali kama hapa hampokei mwendeshaji wa usiku akiwa mtupu. Anajua tayari maana ya kuzungumziwa bila ya kuzungumza naye. Kipindi kinachochanganya Kiingereza na Sheng, chenye mizaha inayodai kujua foleni za Barabara ya Thika na vilabu vya Westlands, humtaka kwanza awe Mnairobi ndipo acheke. Aidha, kwa hesabu ya Kiswahili na ya Kiislamu siku huanza jua linapotua. Usiku unaoitwa wa Ijumaa na ratiba za Nairobi ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Hata saa za mgeni na za mwenyeji hazilingani.

Hili lina athari kwa mwanahistoria. Maoni yaliyohifadhiwa kuhusu waendeshaji wapya ni ya wale waliokuwa na simu, mtandao, na lugha inayosomwa studioni. Maoni yanayotolewa hotelini mbele ya chai, kwa Kiborana au Kiswahili, huishia kwa waliokuwapo. Februari 2015, matangazo ya analogia yalipozimwa na vituo vikubwa vikakaa takriban majuma matatu bila ya kuonekana, mjadala wa kitaifa ulitawaliwa na kampuni na mahakama. Asiyekuwa na kisimbuzi hakuulizwa. Kimya cha kumbukumbu kisichukuliwe kuwa kimya cha hadhira.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mapokezi ya mwendeshaji mpya hayaelezwi vyema kwa vipimo vya umaarufu peke yake. Carson na Leno, Stewart na Noah, Madowo na Rabar, wote walipimwa na watazamaji waliokuwa wakilinda uhusiano, si kipindi. Methali ya kipya kinyemi na ile ya mbachao zinaeleza hisia za siku za kwanza. Hazielezi kinachobaki baada ya hapo. Kinachobaki ni kama mgeni amejifunza majina ya waliomo nyumbani.

Kwa uhakiki wa fasihi, kazi iliyo mbele ni kuyakusanya maoni yasiyoandikwa, kwa mbinu zilezile zilizotumika kukusanya ngano na methali, na kuyasoma kwa uzito uleule. Pasipo hayo, historia ya televisheni ya Kenya itakuwa historia ya waliokuwa studioni. Husemwa kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwendeshaji anayeingia Isiolo usiku na kuondoka bila ya kujua alikuwa nyumba ya nani hajamponya mtu. Na mwenye nyumba, aliye na kidhibiti mkononi, ndiye mwenye neno la mwisho.