Kutaja chanzo si desturi ya kigeni

Kila msimu wa tasnifu unapowadia, wanafunzi hunung'unika: "Prof, haya mambo ya marejeleo ni ya Wazungu." Jamani, historia ya fasihi yetu haikubaliani nao. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utenzi wake mwaka wa 1858, alijitaja jina humo humo ndani ya beti.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, yeye hakuacha diwani. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor. Mnamo 1940 William Hichens akayachapisha Johannesburg, na mwaka wa 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa uchunguzi wake kuhusu Muyaka.

Mnyororo huu una maana kubwa. Hati za Kiarabu kwa kawaida hazitofautishi irabu i na e, wala u na o. Anayezihamisha hadi herufi za Kirumi hulazimika kuamua neno ni lipi. Kwa hivyo shairi tunalolisoma leo ni la Muyaka, lakini usomaji wake ni wa mtu mwingine.

Sasa mwanafunzi anafungua kitabu cha Abdulaziz, anadondoa ubeti, kisha anaandika "Muyaka" basi, eti ameiona hati yenyewe. Hilo ni kosa. Aandike kwamba ni Muyaka kama alivyonukuliwa na Abdulaziz (1979), pamoja na nambari ya ukurasa. Akiueleza ufafanuzi wa Abdulaziz kwa maneno yake mwenyewe, bado amtaje. Kubadilisha maneno hakubadilishi mwenye wazo.

Vyuo huadhibu wizi wa kitaaluma, na ni sawa. Ila hasara yake haiishii kwenye alama za mwanafunzi. Chanzo kikifichwa, msomaji anayetilia shaka neno fulani hana pa kurudi kulihakiki. Isitoshe, wa kwanza kusahaulika huwa watu kama Mwalimu Sikujua, waliowafuata wazee na kuandika walichokikumbuka. Leo Muyaka anatahiniwa madarasani. Ni wangapi wanaomjua Sikujua? Tukimtaja, tunalipa deni.