Ndege wa Masika na Maji ya Kaskazini Mashariki

Historia ya kuangalia ndege wahamao katika Kaskazini Mashariki mwa Kenya, yaani Garissa, Wajir na Mandera, ni historia ya maji ya msimu na ya mipaka iliyofungwa, wala haielezeki kwa habari za ndege peke yake. Eneo hili halina ziwa kubwa la kudumu. Lina Mto Tana na maziwa madogo yanayobaki pembeni mto unapohama njia yake, lina mabwawa yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo, na lina Kinamasi cha Lorian, ambako Ewaso Ng'iro hutawanyika na kupotelea ardhini. Mmarekani William Astor Chanler na mwenzake Ludwig von Höhnel, katika safari iliyoanza mwaka 1892, waliufuata mto huo wakitarajia ziwa walilosikia habari zake, wakakuta kinamasi.

Wageni wa maji haya ni ndege wanaozaliana Ulaya na Asia, ambao hukimbilia Afrika baridi inapoanza kwao na kurejea kati ya Machi na Mei. Majira ya kuchipua ya huko ndiyo masika ya huku, mvua ambazo Wasomali huziita Gu, na kwa hiyo ndege hupita wakati mabwawa yanapojaa na kumbikumbi wanaporuka. Kozi wa Amur, ndege mdogo wa mawindo anayezaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, hula wadudu kwa wingi kabla ya kuvuka Bahari ya Hindi akirejea kwao, safari ya maelfu ya kilomita isiyo na mahali pa kutua.

Wafugaji walioishi kando ya maji hayo waliwaona ndege hao kila mwaka, lakini maandishi ni machache mno. Sheria ya mwaka 1902 ilianza kuweka vikwazo vya kuingia na kutoka katika wilaya za mpakani. Baada ya uhuru ikaja hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, na sheria zake zikaendelea kutumika hadi 1991. Chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1909, kilipata kumbukumbu nyingi kutoka nyanda za juu na Bonde la Ufa, huku upande huu ukibaki karibu mtupu. Utupu huo ulikuwa wa waangalizi, si wa ndege.

Maarifa mengi yalipatikana nje ya eneo lenyewe. Kuanzia mwaka 1969, huko Ngulia katika Tsavo Magharibi, iligunduliwa kwamba usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za hoteli huwavuta ndege wahamao washuke kwa maelfu. Hapo wakanaswa kwa nyavu nyembamba, wakavishwa pete zenye namba miguuni, wakaachiliwa. Hata hivyo kazi hiyo hufanyika hasa Novemba na Desemba, ndege wanapoelekea kusini. Safari ya kurudi, ambayo hufanyika kwa haraka, haikupata kituo cha namna hiyo.

Hasara ya kukosa kituo hicho inaonekana kwa ndege wa matete wa Basra, mdogo, wa rangi ya kahawia, anayezaliana hasa katika vinamasi vya Iraki na kupitisha miezi ya baridi Afrika Mashariki, pamoja na vichaka vya Tana ya chini. Vinamasi vya kwao vilikaushwa miaka ya 1990, na sehemu yake ikarudishiwa maji kuanzia 2003. Huku nako mabwawa ya umeme ya Masinga, la mwaka 1981, na Kiambere, la 1988, yalipunguza mafuriko yanayojaza maziwa ya pembeni ya Tana. Ndege aliye hatarini namna hii anastahili kuhesabiwa katika ncha zote mbili za safari yake. Chuo Kikuu cha Garissa hakiko mbali na mto huo, na wanafunzi wake wanaweza kuanza hesabu hiyo Aprili ijayo.