Kipimo cha Jodari

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii yaeleza vema mkasa wa jodari mkubwa wa Bahari ya Atlantiki na Mediterania, samaki awezaye kupita kilo 400.

Tangu kale alitegwa kwa nyavu kando ya pwani alipokuwa akienda kutaga mayai. Waliopona mtegoni ndio waliokuwa mbegu ya siku zijazo. Karne ya ishirini ilileta vyombo vya mitambo na nyavu za kuzingira kundi zima. Basi mwaka 1966 mataifa yalitia sahihi mkataba mjini Rio de Janeiro, na mwaka 1969 ukaanza kutumika. Mkataba huo ndio uliozaa Tume ya Kimataifa ya Kuhifadhi Jodari wa Atlantiki, yenye makao yake Madrid.

Mwaka 1974 Tume iliagiza kwamba jodari asiyetimia kilo 6.4 asivuliwe. Agizo lilikuwa jema kwa sura, lakini pungufu kwa maana. Jodari wa upande wa mashariki huanza kuzaa apatapo umri wa miaka minne hivi, na uzito wake wakati huo hukaribia kilo 30. Kwa hiyo sheria ilimlinda mtoto ikamtoa kijana, naye akafa kabla ya kuacha mzao. Ilipita zaidi ya miaka thelathini hata kipimo kikapandishwa kuwa kilo 30, mwaka 2006, tena kwa kuwasamehe baadhi ya wavuvi.

Kima cha uvuvi nacho kiliwekwa kwa kusikiliza soko kuliko bahari. Kwa mwaka 2007 wataalamu walishauri tani 15,000 hivi. Tume ikaruhusu 29,500. Na wataalamu hao hao walikadiria baadaye kwamba waliovuliwa walifika tani 61,000. Samaki walikokotwa hai mpaka vizimbani wakanenepeshwe, na hesabu ikapotelea njiani.

Mwaka 2009 Monaco ilitaka biashara ya kimataifa ya jodari huyo ipigwe marufuku. Ombi hilo lilikataliwa mjini Doha mwezi wa Machi 2010, walakini hofu ilikuwa imekwisha tenda kazi: kima cha mwaka 2010 kilikuwa kimeshushwa hata tani 13,500. Mavuno yakaandamana na hati, na wakaguzi wakapanda vyomboni.

Bahari haikuwa na kinyongo. Kima cha mwaka 2020 kiliweza kufika tani 36,000, na mwaka 2021 jodari huyo akaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2022 Tume ilikubali kanuni ya kukokotoa kima kwa dalili za wingi wa samaki, kabla wajumbe hawajaanza kushindania mafungu yao. Samaki ni yule yule, na wavuvi ni wale wale. Kilichobadilika ni daftari.