Ng'ombe wa Laikipia na Dhamiri ya Mkristo

Agosti 1904, wazee wa Kimaasai wakiongozwa na Olonana, laiboni (kiongozi wao wa kiroho), walitia alama zao kwenye mkataba na serikali ya Uingereza. Malisho bora ya Bonde la Ufa yakawa ya walowezi wa Kizungu. Wamaasai wakaachiwa rizavu mbili: moja Laikipia, nyingine kusini, iliyobeba Ngong na nchi ya Kajiado. Katikati ilipangwa njia ya mifugo yenye upana wa nusu maili. Serikali iliahidi kwamba mkataba ungedumu kwa muda wote ambao Wamaasai wangekuwepo. Ulidumu miaka 7.

Olonana alifariki Machi 1911. Serikali ikasema aliwausia watu wake wahamie kusini, na mkataba wa pili ukaandikwa mwaka huohuo. Watu wapatao 10,000, ng'ombe karibu 200,000 na kondoo takriban milioni moja waliamriwa kuondoka Laikipia. Kundi baada ya kundi lilipanda miinuko ya Mau, mvua na baridi vikawakuta huko juu, watu na mifugo wakafa. Safari ikabidi isimamishwe, kisha ikaanza tena, hadi 1913 Laikipia ikawa tupu.

Wamaasai hawakukaa kimya. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa upande wa kaskazini, aliupinga uhamisho huo, na wenzake wakaweka wakili na kuishtaki serikali. Mei 1913 Mahakama Kuu iliitupa kesi. Desemba rufaa nayo ikaanguka. Majaji walisema Wamaasai si raia wa Mfalme bali ni wageni waliofunga mkataba na dola, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuusikiliza ugomvi huo. Mtu aliyezaliwa katika nchi yake akaambiwa na jaji kwamba kwa sheria ya nchi hiyo yeye ni mgeni. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umevaa joho.

Mzungu mmoja aliyekataa kunyamaza alikuwa daktari wa serikali, Norman Leys, Mkristo na msoshalisti. Aliwaandikia watu wenye sauti Uingereza kuwaeleza yanayofanyika, na malipo yake yakawa kuhamishiwa Nyasaland. Mwaka 1924 alitoa kitabu kiitwacho Kenya kuushtaki utawala wa walowezi. Mwaka huohuo Joseph Oldham, katibu wa Baraza la Kimataifa la Misheni, aliyekuwa akiandikiana naye barua, alichapisha kitabu kizima juu ya Ukristo na tatizo la rangi. Kabla yao, mwaka 1920, Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, alikuwa ameandika kupinga Waafrika kulazimishwa kufanya kazi. Wote watatu walisimama juu ya fundisho moja la Biblia, kwamba mataifa yote yametoka kwa mtu mmoja na kila mwanadamu amebeba mfano wa Mungu.

Lakini si wageni peke yao waliolielewa fundisho hilo. Molonket ole Sempele, mmoja wa Wamaasai wa kwanza kubatizwa, aliuza mifugo yake apate nauli, akaenda Marekani mwaka 1909 kusoma katika shule ya watu weusi huko Boydton, Virginia, jimbo ambalo sheria zake zilitenga weusi na weupe. Aliporudi, alikuta nyasi za Laikipia zinachukuliwa. Baadaye alitengana na misheni iliyomlea, na imani yake akaibeba mwenyewe.

Mwaka 2020, Mmarekani mweusi George Floyd alipouawa na polisi huko Minneapolis, maandamano ya kupinga ubaguzi yalifika hadi Nairobi. Wakristo wengine waliyatazama kwa shaka, wakiona haki za kijamii ni siasa ya ng'ambo iliyopenya kanisani. Shaka hiyo ina sehemu yake ya ukweli: harakati yoyote inaweza kumgeuza jirani kuwa adui na kuisahau toba. Ila kudai kwamba jambo lenyewe ni geni ni kutoijua historia ya hapa. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana Nairobi wakidai ardhi yao, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.

Jimbo Katoliki la Ngong, lililopewa hadhi ya jimbo mwaka 1976, limebeba jina la vilima vilivyokuwa ndani ya rizavu ile. Wachungaji na mapadri wa Ngong, Kitengela na Kajiado, kabla hamjahubiri juu ya Minneapolis, waiteni wazee wa Kimaasai wawasimulie waumini habari za Laikipia.