Bunduki ya Upepo na Maneno ya Utunzaji Wake

Neno bunduki limekaa katika Kiswahili muda mrefu hata mwenye kulitamka hana haja ya kuuliza lilikotoka. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba bunduki ya upepo, ambayo wengi huihesabu kuwa kitu cha mchezo, ndiyo iliyo karibu na maana ya kale ya neno hilo. Na kwamba maneno ya kuitunza yanastahili kukusanywa mapema.

Asili ya neno ni Kiarabu, bunduq, yaani tunda dogo lenye gamba gumu. Kisha likawa jina la kidonge kilichorushwa kwa upinde kuwinda ndege. Uwindaji huo ulipata heshima kubwa Baghdad zamani za Khalifa al-Nasir, aliyetawala toka 1180 hata 1225. Baruti haikuwamo. Ilipokuja silaha ya moto, jina la kidonge likahamia kwenye silaha. Basi chombo kirushacho kidonge cha risasi pasipo baruti kimelirudisha jina kwao.

Watu wa pwani walizipambanua bunduki kwa namna ya kuwasha baruti: ya mrao iliwashwa kwa utambi, ya gumegume kwa jiwe, kisha ikaja ya fataki, na mwisho ya viasi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe ovyo Afrika, lakini uliacha njia kwa zile za gumegume. Hivyo silaha za kushindilia, yaani magobori, zilidumu, na zilitumika hata katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mwenye gobori hakuwa na budi kuwa fundi wake mwenyewe: alishindilia kwa mdeki, akasafisha kasiba, akazibua kifa, maana moto usipopenya kifani bunduki hailii. Leo mdeki na kifa ni maneno ya kamusi tu kwa watu wengi, na gumegume limebaki jina la mume asiyefaa.

Bunduki ya upepo ya namna iliyoenea haina kifa wala fataki. Mtutu ukikunjwa, springi hukazwa. Kifyatulio kikivutwa, springi husukuma pistoni, nayo hewa iliyobanwa huitoa risasi. Kwa hiyo maradhi yake ni mengine. Ikipungua nguvu, fundi hutazama kwanza washa ya pistoni na pete iliyopo penye kiungo cha mtutu, kwani hapo ndipo hewa huvuja; kisha huitazama springi, isiwe imechoka au kukatika. Mafuta yatiwe kwa kiasi: yakizidi katika chumba cha hewa huwaka kwa joto la mbano, bunduki ikatoa kishindo kisicho chake, na springi ikaumia. Wala isifyatuliwe tupu, maana pistoni hugonga mwisho wa chumba pasipo mto wa hewa. Anayeifungua na ahakikishe kwanza kwamba haina risasi, kisha aizuie springi kwa jiliwa, kwa kuwa imebanwa hata bunduki ikiwa imetulia.

Utunzaji huu si jambo dogo katika historia. Jeshi la Austria lilipokea bunduki ya upepo ya Girardoni karibu na mwaka 1780. Ilipiga mara nyingi pasipo moshi. Lakini kuijaza kwa pampu kulichosha, na mafundi wa kuitengeneza walikuwa adimu. Ikaachwa.

Sasa tutazame jina lenyewe. Mtaalamu wa fizikia atasema upepo ni hewa iendayo, kwa hiyo bora tuseme bunduki ya hewa. Lakini fundi wa baiskeli wa Manzese au Tandika hutia upepo katika tairi, na pampu na washa ni maneno yake ya kila siku. Bunduki ya upepo ikifika mikononi mwa fundi kama huyo, hapungukiwi na maneno: ataisema kwa lugha ya pampu, na kwa haki, kwa kuwa kazi yao ni moja.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na kuunda istilahi ni kazi njema. Lakini yafaa mkusanyaji afike karakanani kabla ya kufungua kitabu cha kigeni. Mdeki na kifa vilisalia kwa sababu watunga kamusi wa kale waliviandika vilipokuwa bado vikitumika. Maneno ya fundi wa leo nayo yanahitaji mwandishi wake.