Ruta Zilivyojifunza Kunyamaza

Juzi nilivuka Ngong Road kutoka Kibera hadi Kawangware kumsaidia beshte yangu. Yeye hununua laini moja ya intaneti na kuigawia ploti kadhaa kwa waifai, kupitia ruta sita zilizofungwa juu ya mabati. Jioni nyumba za mwisho zilikuwa zinakwama, na alishaamua kuwapandishia majirani bei ili anunue kasi zaidi. Nikamwambia: ngoja kwanza, tusikize hizi ruta zinaambiana nini.

Zilikuwa zinatumia RIP, itifaki iliyoandikwa rasmi mwaka wa 1988. Tabia yake ni ya makanga pale steji: kila sekunde 30 inaita njia zote inazozijua, hata kama hakuna kilichobadilika. Kwa waya hiyo si noma. Lakini kwa waifai, tangazo la watu wote hutumwa kwa kasi ya chini, ili hata simu iliyo mbali isikie, na wengine wote hungoja limalizike. Tangazo moja ni dogo. Ruta sita zikipiga kelele usiku na mchana, kwenye hewa ambayo tayari imejaa, hapo unaanza kulipa.

Kinachoniuma ni kwamba somo hili linatuzidi umri. Kwenye ARPANET, mtandao wa Marekani ulioanza 1969, ruta zilikuwa zikipeana orodha nzima zaidi ya mara moja kila sekunde. Mwaka wa 1979 wakageuza mtindo: tangaza hali ya laini zako hasa inapobadilika. Wazo hilo ndilo lililozaa OSPF mwaka wa 1989. Humo majirani husalimiana kwa ujumbe mfupi, kawaida kila sekunde 10, na habari za njia husambazwa kukiwa na jipya, pamoja na ukumbusho kila nusu saa. Mwaka wa 2003 ikaja OLSR, ya mitandao ya redio: kila ruta inachagua majirani wachache wa kurudia habari zake, wengine wanasikia na kunyamaza.

Sisi tulifanya mambo mawili. Tulihamia OSPF, kisha upande wa nyumba, ambako kuna simu na laptopu tu, tukazima matangazo kabisa. Simu haihitaji ramani ya mtandao mzima. Inahitaji kujua mlango wa kutokea.

Sitawadanganya: muvi za majirani bado zinakula laini. Lakini nyumba za mwisho zimepumua, na bei haijapanda.

Hapa Kibera tuna TunapandaNET, mtandao wa jamii uliounganisha shule na vituo vya vijana. Kumbe mitambo hii inaweza kuwa mikononi mwetu. Basi tuijue na historia yake. Kabla hujachangisha majirani pesa ya kasi zaidi, angalia ni kiasi gani kinaliwa na ruta zikisimuliana habari za jana.