Nyumba ya Magurudumu na Dishi la Televisheni

Somo letu la leo ni la historia. Lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Leo tutatazama jinsi watu wa Marekani wanaosafiri na nyumba zao barabarani walivyopata kutazama televisheni kutoka angani, na jinsi walivyolazimika kuchagua kampuni ya kuwapatia picha hizo. Pengine utasema, "Mambo hayo yananihusu nini mimi?" Ngoja kidogo. Dishi lililo juu ya paa la jirani yako na dishi la msafiri huyo wa Marekani ni watoto wa baba mmoja.

Kwanza tujue nyumba ya magurudumu ni kitu gani. Ni gari kubwa, au trela inayovutwa na gari, yenye vitanda, jiko, meza na choo ndani yake. Mwenye nayo hulala popote anaporuhusiwa kuegesha. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha gari la namna hiyo mjini New York, nalo lilikuwa la matajiri. Katika miaka ya 1930 bwana mmoja, Wally Byam, alianza kuuza trela za aluminiamu inayong'aa, zilizoitwa Airstream. Huyu ndiye aliyeanzisha msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town mpaka Cairo katika miaka ya 1959 na 1960, ukapita Afrika Mashariki. Basi nyumba hizi si ngeni kabisa katika barabara zetu. Mwaka 1966 kampuni ya Winnebago, katika mji mdogo wa Forest City, jimbo la Iowa, ilianza kutengeneza magari ya nyumba ambayo hata watu wa kawaida waliweza kuyanunua.

Wengi wanaosafiri hivyo ni wazee waliostaafu. Wakati wa baridi huondoka kaskazini kwenye theluji na kwenda Florida, Texas au Arizona kwenye jua. Joto likizidi huko hurudi kwao. Wamarekani huwaita ndege wa theluji. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa njiani miezi mitano au sita. Je, habari za nyumbani atazipata wapi?

Zamani alikuwa na antena juu ya paa la gari. Alikaa ndani, akazungusha mpini, antena ikainuka, akaigeuza huku na huku mpaka picha ikatulia. Lakini mawimbi ya televisheni huenda moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Hayapindi mlima. Ukiwa mbali na mji, au bondeni, huoni kitu ila chengachenga. Na Marekani ina nyika na milima mingi ambako mtu aweza kwenda kutwa nzima asifike mji mkubwa.

Dawa ya tatizo hilo ilitoka mbali. Mwezi wa Oktoba 1945 Mwingereza mmoja, Arthur C. Clarke, aliandika makala katika gazeti la mafundi wa redio. Alieleza kwamba chombo kikiwekwa juu ya mstari wa Ikweta, kwenda juu karibu kilomita 36,000, kitaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia yenyewe hujizungusha. Kwa hiyo sisi tulio chini tutakiona kama kimesimama mahali pamoja. Fikiri habari ya ngoma. Mchezaji mmoja yuko katikati, anageuka polepole. Mwenzake yuko nje, anazunguka duara. Wakienda sawasawa, yule wa katikati atamwona mwenzake mbele ya uso wake daima, ingawa wote wawili wanatembea. Chombo cha namna hiyo ndicho tunachokiita setilaiti.

Watu hawakufika huko mara moja. Telstar, iliyorushwa Julai 1962, ilipeleka picha za televisheni kuvuka Bahari ya Atlantiki, lakini ilikuwa chini sana. Ilipita angani kwa dakika chache ikatoweka, na mitambo ya ardhini ilibidi iifuate kama mtu anayemfuata ndege kwa macho. Mwaka 1963 ikarushwa Syncom 2, iliyokwenda sawa na mzunguko wa dunia. Tarehe 23 Agosti mwaka huo Rais Kennedy, akiwa Washington, alizungumza kwa njia yake na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuwa ndani ya meli katika bandari ya Lagos. Ni vizuri kukumbuka kwamba wakuu wa kwanza kuzungumza hivyo walikuwa Mmarekani na Mwafrika. Mwaka uliofuata Syncom 3 ilipeleka Marekani picha za michezo ya Olimpiki ya Tokyo.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri, maana ndilo msingi wa somo lote. Setilaiti za namna aliyoieleza Clarke zote ziko juu ya Ikweta. Sisi tunaokaa karibu na Ikweta tunazo karibu na utosi. Mtu wa Nairobi anayepokea picha kutoka setilaiti iliyo kwenye nyuzi 36 mashariki, dishi lake hutazama juu kabisa, kama bakuli linalongoja mvua. Lakini Marekani iko kaskazini. Huko kila dishi sharti lielekee kusini, tena liinamishwe. Kwa setilaiti iliyo kwenye nyuzi 101 magharibi, mtu wa Brownsville, kusini kabisa mwa Texas, huinua dishi lake kiasi cha nyuzi 60 kutoka ardhini. Mtu wa Minneapolis, kaskazini, huliinua kiasi cha nyuzi 38 tu. Kwa hiyo msafiri anayekwenda kaskazini huona setilaiti yake ikishuka siku hata siku, na mti mmoja tu upande wa kusini waweza kumnyima picha. Mahali pazuri pa kivuli huwa pabaya kwa televisheni. Wazee wengi wamegombana na wake zao kwa ajili hiyo tu!

Tuendelee. Tarehe 30 Septemba 1975 kampuni ya HBO ilitumia setilaiti kuwapelekea wateja wake pigano la ngumi la Muhammad Ali na Joe Frazier kutoka Manila. Picha zilitoka angani zikapokelewa na makampuni yenye madishi makubwa, nayo yakazipeleka majumbani kwa waya. Lakini kinachomwagwa kutoka angani humwagikia wote. Mwaka 1976 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, Taylor Howard, alijitengenezea dishi lake nyumbani, akaona picha zile zile. Kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu aliipelekea HBO hundi ya dola 100. HBO wakairudisha, wakisema kwamba wao hufanya biashara na makampuni makubwa tu.

Mwaka 1979 duka la Neiman Marcus lilitangaza dishi la nyumbani kwa bei ya dola 36,500. Mwaka huo huo serikali iliondoa sharti la kuwa na leseni ya kupokea picha, na bei zikaanza kushuka. Wakulima wa mashambani, ambao waya haukuwafikia, walinunua kwa wingi. Lakini madishi hayo yalikuwa na upana wa mita 3 hivi. Nani atalipakia dishi kama hilo juu ya gari lake?

Zaidi ya hayo makampuni yalichoka kutazamwa bure. Januari 1986 HBO ilianza kuzivuruga picha zake saa zote, ili asionekane ila mwenye king'amuzi na aliyelipa. Watu wakakasirika. Usiku wa tarehe 27 Aprili 1986 muuzaji mmoja wa madishi huko Ocala, Florida, aliyekuwa na kazi katika kituo cha kurushia picha, aliifunika picha ya HBO kwa dakika nne na zaidi, akaandika malalamiko yake juu ya ada ya dola 12.95 kwa mwezi. Alikamatwa, akatozwa faini ya dola 5,000. Picha ziliendelea kuvurugwa, na tangu hapo televisheni ya angani ikawa kitu cha kulipia kila mwezi.

Mwaka 1994 ndipo milango ilipofunguka kwa wasafiri. DirecTV ilianza kuuza huduma yake mwezi wa Juni, kwa setilaiti zenye nguvu zaidi, na dishi lake lilikuwa na upana wa sentimita 46 tu, kama sinia la pilau. Mwezi wa Machi 1996 ikatokea Dish Network, ya Charlie Ergen, mtu aliyeanza mwaka 1980 kwa kuuza yale madishi makubwa huko Colorado. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa kutoka China. Tangu hapo msafiri alikuwa na wauzaji wawili wa kuchagua. Mwaka 2002 wawili hao walitaka kuungana, serikali ikakataa. Walijaribu tena mwaka 2024, na mwezi wa Novemba mpango ukavunjika. Nadhani serikali ilifanya vyema ule mwaka 2002, maana mtu wa mashambani asiye na waya angebaki na duka moja tu.

Je, msafiri alichaguaje? Wengi walianza na hesabu ya bei na idadi ya stesheni, na hapo ndipo walipopotea. Swali la kwanza lilikuwa la dishi lenyewe. Wengine walikuwa na dishi la miguu mitatu la kusimamisha chini kwa mkono na dira. Ni rahisi, na gari likikaa kivulini dishi laweza kusogezwa juani. Wengine walitaka kibanda cha mviringo juu ya paa, ambacho ndani yake dishi dogo hujitafutia setilaiti lenyewe, na vya bei kubwa zaidi vilifanya hivyo hata gari likiwa linakwenda. Sasa, DirecTV ilipoanza picha zile safi zaidi, ilizirusha kwa mawimbi ya namna nyingine, kutoka setilaiti zilizo kwenye nyuzi 99 na 103, na vibanda vidogo havikuweza kuyapokea. Ilitakiwa dishi kubwa zaidi. Dish Network ilibaki na mawimbi yale yale ya kwanza. Tena iliwaruhusu wasafiri kulipa mwezi wanaosafiri na kuacha mwezi wanaokaa nyumbani. Ndiyo maana wenye vibanda vidogo wengi walikwenda kwake. Mtu aliyenunua kibanda kwanza na kuuliza baadaye alijikuta amekwisha kuchaguliwa kampuni bila kutaka.

Lakini jambo zito zaidi lilikuwa habari za mahali. Mwaka 1999 sheria ya Marekani iliziruhusu kampuni hizi kumrushia mtu stesheni za mji wake. Ili zisiingiliane, stesheni hizo hurushwa kwa mwale mwembamba unaoangaza sehemu moja tu ya nchi, kama taa ya mkononi inayomulika pembe moja ya chumba. Msafiri akitoka nje ya mwale huo, stesheni za kwao hupotea. Sheria ikamfikiria. Mwenye gari la nyumba, na dereva wa lori pia, aliweza kuandika tamko pamoja na nakala ya kadi ya gari, akapewa stesheni za mbali, kwa kawaida za New York na Los Angeles. Desemba 2019 Bunge lilipoipunguza ruhusa ya stesheni za mbali, liliacha wachache tu, na kati yao wamo hawa wenye magari ya nyumba na malori.

Sasa fikiri. Mzee amelala na mkewe ndani ya trela huko Kansas, mwezi wa Mei, wakati wa vimbunga. Televisheni yake inaleta habari za New York, safi kabisa. Inamwambia kama kutakuwa na mvua New York. Haimwambii kwamba kimbunga kiko kilomita 20 kutoka alipo. Na trela ni jepesi. Upepo mkali hulipindua kama sanduku tupu. Zaidi ya hayo mvua kubwa hulikata wimbi la setilaiti, hivyo picha hupotea wakati ule ule anapoihitaji. Kwa sababu hiyo wasafiri wenye akili hawakuing'oa ile antena ya zamani ya mpini. Stesheni za mji wa karibu hutoa onyo la kimbunga kwa kutaja wilaya kwa jina, na antena huzipokea bila malipo. Wengi huweka pia redio ndogo ya hali ya hewa ya serikali, yenye betri, kando ya kitanda. Na mtu aliye mgeni sharti ajue jina la wilaya anayolala, maana onyo likitaja jina asilolijua ni kama halikutolewa. Baadhi yao huliandika kwenye karatasi kila jioni na kulibandika mlangoni.

Mwezi wa Mei 2022 Starlink ilianza kuuza intaneti ya setilaiti kwa wenye magari ya nyumba. Setilaiti zake haziko juu ya Ikweta. Ziko chini, ni maelfu, nazo hupita mbio kama ile Telstar ya 1962, ila sasa chombo cha kupokelea huzifuata chenyewe. Kwa intaneti hiyo msafiri aweza kuangalia stesheni nyingi bila dishi la zamani. Hata hivyo chombo hicho nacho huhitaji anga wazi, na hula umeme wa betri kuliko kibanda kile cha paani, kwa hiyo anayelala porini bila umeme bado anapiga hesabu.

Mwalimu, kabla ya somo lijalo watoe wanafunzi nje, wahesabu madishi yaliyo karibu na darasa, na kila mmoja aandike linaelekea wapi. Kwa herini.